Muulize Fundi: Gridi ikishaanguka, inanyanyuliwaje?

Mwezi huu barua zimekuwa nyingi, na karibu zote zinazunguka jambo moja: ile siku gridi ilipoanguka, kwa nini tulikaa gizani muda wote ule? Nimezisoma zote hapa kibarazani kwangu Pasua, Moshi, na nyingine nimezirudia. Miaka yangu mingi ya kazi niliimalizia kwenye zamu za vituo vya umeme wa maji, kisha kwenye jenereta za viwandani, na hakuna swali linaloniingia moyoni kama hili. Nimekuwa ndani ya kituo usiku kama huo. Nje giza, simu haiachi kulia, na mkoa mzima unangoja mikono ya watu watatu wenye tochi. Kwa hiyo leo sichanganyi mada.

Shikamoo mzee. Nina saluni Ngarenaro, Arusha. Gridi ilipoanguka ilikuwa saa mbili usiku, umeme ukarudi saa saba, ukakaa dakika chache ukaondoka, ukarudi ukaondoka tena. Mteja wangu anasema wale jamaa walikuwa wamelala, kwamba kuwasha ni kubonyeza swichi tu. Ni kweli? – Dada wa saluni, Ngarenaro

Marahaba mwanangu, na pole kwa kazi iliyoharibika. Mwambie mteja wako kwamba usiku kama ule hakuna anayelala kituoni. Hata walio mapumzikoni huamshwa.

Wengi hawajui kwamba kituo cha kuzalisha umeme nacho kinatumia umeme. Mashine haizungushwi kavukavu. Kabla haijageuka hata mara moja, pampu lazima zisukume mafuta kwenye beringi zilizobeba tani nyingi za chuma. Lazima kuwe na mafuta yenye mgandamizo wa kufungulia milango ya maji, kuwe na maji ya kupoza, feni, kompresa, simu. Siku za kawaida vyote hivyo vinakula umeme wa kituo chenyewe au wa gridi. Gridi ikianguka, mashine zinajizima ili zisijiharibu, na papo hapo kituo kinakuwa gizani sawa na saluni yako.

Kinachobaki ni chumba cha betri. Hizo zinashikilia taa za dharura, rilei za ulinzi, vile vifaa vinavyogundua hitilafu na kuamuru umeme ukatwe, na breka, zile swichi kubwa za kuunganisha na kukata umeme, tena kwa saa chache tu. Kando yake kuna jenereta la dizeli, dogo ukililinganisha na mashine ya maji, pengine halilizidi lile la hoteli moja ya Arusha. Nilipokuwa kijana, kila Jumatatu asubuhi nilitumwa kuliwasha hilo dizeli kwa nusu saa, nipime oili, nikague vichwa vya betri kama vimeota ule ungaunga mweupe, niandike kitabuni. Niliiona kazi ya kumshughulisha mgeni tu. Usiku gridi ilipoanguka nikiwa zamu ndipo nilipojua nilikuwa nalinda nini.

Nakumbuka kila kitu cha usiku ule. Ukimya kwanza, kwa sababu masikio ya mtu wa kituoni yamezoea mngurumo, na mngurumo ukikoma unasikia maji yakichuruzika kwenye mfereji wa sakafu ambao hujawahi kujua kwamba una sauti. Kisha dizeli ikakohoa, ikakataa, ikashika mara ya pili. Pampu ya mafuta ikaanza. Mkuu wa zamu akafungua milango ya maji kidogo, akaiacha mashine ijizungushe taratibu, akaweka kiganja juu ya kifuniko cha beringi kusikiliza joto. Ilipofika mwendo wake, bado haikuwa inatoa umeme wowote, maana rota, ile sehemu inayozunguka, ni sumaku ya umeme, na sumaku ya umeme bila mkondo ni chuma tu. Betri zilezile zikatoa mkondo wa kuichokoza. Mshale wa geji ya volti ukatikisika, ukapanda. Hapo mashine inajilisha yenyewe, dizeli inapumzishwa, na kituo kina uhai.

Vituo vya maji vina bahati hii, vinaamka na mahitaji machache. Vya mvuke vina bahati mbaya zaidi: pampu zake na feni zake zinaweza kula asilimia 5 hadi 10 ya umeme wa kituo chenyewe, na mtambo wa gesi mkubwa nao unahitaji nguvu ya kuuzungusha kabla haujawaka. Visipofungiwa vifaa vya kujiamsha, vinangoja kuletewa umeme kutoka kwa mwenzao. Wamarekani waliliona hilo usiku wa Novemba 9, 1965, watu kama milioni 30 walipokosa umeme kaskazini mashariki mwa nchi yao na kusini mwa Kanada. Rilei moja kwenye kituo cha maji cha Ontario, Kanada, ndiyo iliyoanzisha, lakini giza lilirefuka kwa sababu vituo vingi vya mvuke havikuwa na chochote cha kujiamshia.

Kwa hiyo, dada yangu, umeme wa kwanza haupelekwi kwa mtu. Unapelekwa kwa kituo kingine, ili nacho kiamke. Na njiani kuna mtego mwingine. Laini ndefu isiyo na mzigo, kama ile ya kilovoti 132 inayotoka Hale, ikapita Same, ikafika Kiyungi hapa Moshi na kuendelea Njiro, msongo wake, yaani volti zake, hupanda wenyewe kuelekea mwisho. Ukiitia umeme kwa pupa, huku mwanzo geji inasoma sawa, kule mwisho transfoma inapigwa na msongo isiouweza. Inabidi uanze na msongo wa chini, uwashe kipande, uweke mzigo kidogo, usubiri, uwashe kipande kingine.

Sasa, kwa nini ulirudi ukaondoka? Mfikirie kijana anayepanda na baiskeli kuelekea Kibosho. Mwongezee mkungu mmoja wa ndizi nyuma, miguu inapunguza mwendo, anakaza, mwendo unarudi. Mtupie mikungu mitano kwa mpigo, anaanguka. Mashine ni hivyohivyo. Umeme wetu ni hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde, na hiyo ndiyo frikwensi yake. Mzigo ukizidi, mashine inalegea, inashuka 49 na kitu, na ikishuka kupita kiwango kilichopangwa, rilei zinakata baadhi ya laini ili kuokoa mashine. Na mzigo wa baada ya giza si ule wa kawaida. Siku zote friji za mtaa hupokezana, hii inawaka, ile imepumzika. Baada ya saa tano za giza zote zimepata joto, na umeme ukirudi zinaamka pamoja, na pampu za maji, na pasi aliyoiacha mtu imechomekwa. Mota inapoanza inavuta mkondo mara tano hadi saba ya ule wa kawaida, kwa sekunde chache. Fida moja ya mtaa, ile laini inayogawa umeme mitaani, inaweza kudai mara mbili ya ilivyokuwa ikidai kabla haujakatika. Mtu aliyeko kwenye chumba cha udhibiti anafunga breka ya Ngarenaro, anaangalia hezi zinavyoporomoka, anaifungua tena. Hafanyi hivyo kwa kupenda.

Wewe unaweza kumsaidia. Umeme ukikatika, chomoa draya zote, stima, friji na pasi, uache taa moja tu iwe imewashwa. Taa hiyo ikiwaka, hesabu dakika 15, kisha chomeka kimoja kimoja. Mtaa mzima ukifanya hivyo, fida inashika mara ya kwanza.

Mwalimu, nasoma ufundi umeme hapa Arusha. Tumefundishwa kwamba kabla ya kuiunganisha jenereta na gridi lazima vitu vinne vilingane: msongo, frikwensi, mfuatano wa fezi na pembe. Mtihani nimefaulu, lakini sijaelewa. Kimoja kikikosekana kinatokea nini hasa? Na zamani, kabla ya kompyuta, mliwezaje kwa macho? – Mwanafunzi, Arusha

Mwanangu, umenifurahisha kwa kukiri kwamba umefaulu bila kuelewa. Tulia nikueleze, kwa sababu hapa ndipo penye roho ya kazi yote.

Umewahi kuwaona wasichana wakiruka kamba? Wawili wanaizungusha, wa tatu anasimama pembeni akitaka kuingia. Haingii tu. Kwanza anatikisa mwili kufuata mwendo wa kamba, hiyo ndiyo frikwensi. Halafu anangoja kamba ifike mahali pake, hiyo ndiyo pembe. Akiwa na mwendo sahihi lakini akaingia wakati kamba iko chini, inamchapa miguu. Tofauti ni kwamba kamba ya gridi inazungushwa na mashine zote za nchi kwa pamoja, na haitamsubiri anayeingia.

Mashine yenye nguzo 12 za sumaku lazima izunguke mara 500 kwa dakika ili itoe hezi 50. Ikizunguka 502, imezidi kidogo. Kwenye paneli ya zamani ulikuwa na geji mbili za volti pembeni kwa pembeni, moja ya gridi, moja ya mashine yako. Chini yake mbili za frikwensi, zile za vijiti vinavyotetemeka. Na katikati, kwenye mkono wa chuma unaogeuzwa ili uonekane kutoka popote ulipo, sinkroskopu: uso kama wa saa, mshale mmoja. Mshale ukizunguka kuelekea upande wa saa, mashine yako ina haraka kuliko gridi. Ukirudi kinyumenyume, inachelewa. Ukisimama juu kabisa, pale saa sita, mmelingana.

Mkuu wangu wa zamu hakuniruhusu kugusa swichi kwa miezi. Nilisimama nyuma yake. Siku aliyoniachia alisema, "Usitazame mshale, tazama mwendo wake." Nikashika swichi ya gavana, kile kidhibiti cha mwendo wa mashine. Unaigusa kidogo upande wa kushusha, unaachia, unangoja. Kosa la mgeni ni kugusa tena kabla jibu halijaja, kwa sababu mashine ya maji inajibu kwa kuchelewa. Yale maji yaliyomo kwenye bomba yana uzito wake na hayabadilishi mwendo kwa amri. Nikangoja mpaka mshale ukawa unajivuta, mzunguko mmoja kwa sekunde kumi na zaidi, ukielekea upande wa saa. Tunapenda mashine iingie ikiwa na haraka kidogo, ili ikishaingia ianze kusukuma. Ikiingia imechelewa, gridi ndiyo itakayoisukuma yenyewe, jenereta igeuke mota. Mshale ulipofika saa sita kasoro tano nikageuza swichi ya breka, maana mkono una kuchelewa kwake na breka ina kuchelewa kwake. Breka ikalia ta! Mshale ukasimama wima palepale juu, kama umepigiwa msumari. Na hakuna kilichotikisika. Ukiingiza vizuri, sakafu haijui kama kuna jambo limetendeka.

Kulikuwa na njia ya taa pia, utaikuta kwenye mitambo midogo hadi leo. Taa tatu zinafungwa kati ya mashine na gridi, kila fezi, yaani kila mojawapo ya zile nyaya tatu za umeme, taa yake. Zinawaka na kuzima pamoja, taratibu zaidi kadiri mnavyokaribiana, na unafunga breka zikiwa zimezima kabisa. Zikiwaka kwa kupokezana, moja baada ya nyingine, ondoka hapo: mfuatano wa fezi umekosewa, zima mashine ukabadilishe nyaya. Na nikuonye kwa kitu ambacho vitabu vinakipita haraka. Balbu iliyoungua nayo ni giza. Usifunge breka kamwe kwa giza ambalo hujaliona kwanza likiwaka.

Unauliza kikikosekana kimoja kinatokea nini. Msongo usipolingana, unapata mkondo unaozunguka bure kati ya mashine na gridi, unapasha moto nyaya, lakini mara nyingi utapona. Frikwensi ikitofautiana sana, mashine inaburutwa kwa nguvu ilingane. Pembe ikikosewa, hiyo ndiyo inayovunja. Rota ya tani kadhaa iko mahali pamoja, gridi inaitaka iwe mahali pengine, na gridi haina subira: inairusha huko kwa kufumba na kufumbua. Ukifunga mshale ukiwa chini, pale saa kumi na mbili, mkondo unaopita unaweza kuuzidi hata ule wa shoti ya mlangoni mwa jenereta.

Nimeona kwa macho yangu, sikusimuliwa. Ni kituo kimoja, jina nalihifadhi. Gridi ilikuwa imeanguka, na mashine ya kwanza ilikuwa imeamshwa salama. Sasa elewa mtego: kuna rilei inayokagua na kuzuia breka isifungwe kama pande mbili hazijalingana. Lakini mashine ya kwanza inaingia kwenye laini mfu. Hakuna cha kulingana nacho, rilei inasema hapana, kwa hiyo kuna ufunguo wa kuipita. Unauwasha, unafunga breka, unauzima. Usiku ule ufunguo haukurudishwa. Simu ilikuwa inalia, wakubwa wanataka megawati, na mwenzetu akageukia mashine ya pili akijua nyuma yake kuna rilei ya kumkinga. Mshale ulikuwa unakwenda kasi, akaufuata, akakosa. Alifunga ukiwa karibu na saa tisa.

Mlio ule ulikuwa kama lori limegonga ukuta wa ghala. Vumbi la miaka likadondoka kutoka darini. Boliti za kuunganisha shafti ya mashine zilipinda, nyaya za ndani zikasogea mahali pake, na mashine ile haikuzunguka tena kwa miezi mingi. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Mwenzetu alikaa kwenye kiti, akawekewa chai, na chai ikapoa mbele yake. Alikuwa fundi mzuri kuliko mimi. Tangu usiku ule, kokote nilikokwenda, ufunguo huo niliufungia kipande cha kitambaa chekundu kirefu, kining'inie mbele ya macho ya mtu anayetazama sinkroskopu.

Leo kompyuta inafanya yote, inapima kuchelewa kwa breka na kufunga kwa wakati wake. Nafurahi. Lakini ipo kazi moja ambayo watu bado wanaifanya kwa simu. Nchi inaponyanyuliwa kutoka gizani, hunyanyuliwa vipande vipande, kila kipande na mashine zake, kama visiwa. Visiwa viwili vinapokutana kwenye kituo cha kupoza umeme, pale hakuna gavana wa kugusa. Mtu wa kituo anatazama mshale, anaongea na kituo cha maji kilicho kilomita mamia kutoka alipo: "Pandisha kidogo... kidogo... acha hapo." Ukija kuwa yule mtu, kumbuka kwamba yule wa upande wa pili wa simu haoni mshale. Wewe ndiye macho yake.

Na kama hujafika Kikuletwa kule Hai, nenda. Kituo kile cha zamani kilikufa miaka mingi, sasa Chuo cha Ufundi Arusha kinafundishia vijana huko. Ni afadhali uguse chuma ukiwa bado una mwalimu pembeni.

Mzee mwenzangu, hapa kwetu tunaliona bwawa la Nyumba ya Mungu limejaa. Gridi ikianguka huko mbali, kwa nini sisi wa Kilimanjaro tusitumie umeme wetu tukawaacha wenzetu wakihangaika na wao? – Mstaafu, Mwanga

Mzee mwenzangu, bwawa ni kubwa, Kikuletwa na Ruvu zote zinaingia humo. Lakini kituo chake ni megawati 8 tu. Hita ya kuogea, ile ya papo kwa papo, inakula kilowati 4 hivi. Hita 2,000 zikiwashwa pamoja asubuhi ya baridi ya Julai, zimekimaliza kituo chote, na hapo hatujamwashia mtu taa. Maji hayohayo yakishuka yanazungusha Hale, megawati 21, kisha Pangani mpya iliyoanza 1995, megawati 68. Ukizijumlisha zote tatu hazifiki megawati 100. Kwa kulinganisha, Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mashine tisa za megawati 235 kila moja.

Kisiwa kidogo kinawezekana, na ni jambo zuri kikipangwa mapema. Ila kisiwa kidogo ni kigumu kukiendesha kuliko gridi kubwa. Kwenye gridi ya nchi, kiwanda kikiwasha mota kubwa hakuna anayehisi. Kwenye kisiwa cha megawati 8, mota hiyohiyo inaitikisa mashine, na gavana anashinda anakimbizana nayo. Lazima umchague wa kumpa: hospitali, pampu za maji ya mji, basi, huku fida za makazi zikiwa zimefunguliwa kabisa. Sijui, mzee mwenzangu, kama mitaa yetu ingekubali kukaa gizani huku ikiona taa za hospitali zinawaka. Mimi ningekubali. Nimewahi kuwa na mgonjwa kwenye mashine ya hewa.

Nafanya biashara Namanga. Nasikia gridi yetu na ya Kenya sasa ni moja. Wao wakianguka, si watatuvuta? – Mfanyabiashara, Namanga

Swali zuri, na hofu yako ina msingi. Laini ya kilovoti 400 inatoka Isinya, inapita hapo kwenu, inafika Arusha hadi Singida, na mwishoni mwa 2024 gridi mbili zilioanishwa kupitia hiyo. Maana yake hezi zao ndizo hezi zetu. Mashine ya Rufiji na ya Olkaria kule Kenya zinaruka kamba moja. Kwa Ethiopia ni tofauti, Kenya imeunganishwa nao kwa umeme wa DC, ambao hauna mizunguko, kwa hiyo pale hakuna mwendo wa kuoanisha.

Kuvutana kunawezekana. Septemba 28, 2003 Italia ilipoteza laini zilizokuwa zikiiletea umeme kutoka kwa majirani zake wa kaskazini, na karibu nchi nzima ikaenda gizani usiku mmoja, isipokuwa kisiwa cha Sardinia. Ndiyo maana kwenye laini kama hizi kuna rilei za kuukata muungano mapema kabla jirani hajakushusha. Lakini tazama upande wa pili. Aprili 28, 2025 Hispania na Ureno zilizimika mchana kweupe, na Wahispania walianza kunyanyuka wakishikwa mkono na Ufaransa upande mmoja na Moroko upande mwingine, huku vituo vyao vya maji vikijiamsha. Ukiwa na jirani mwenye umeme huhitaji kuanza na betri na dizeli. Mimi niliyeanza na betri na dizeli nakuambia hilo ni jambo kubwa.

Nina sola juu ya paa Usa River, haina betri. Mchana gridi ilipoanguka jua lilikuwa kali na sola nayo ikazima. Nimeibiwa? – Msomaji, Usa River

Hapana, hujaibiwa. Inveta ya aina hiyo inafuata mwendo wa gridi; gridi ikikosekana imewekwa ijizime, isije ikapeleka umeme kwenye waya ambao fundi anadhani umekufa. Ukitaka iendelee, inabidi uwe na betri na inveta inayoweza kujitenga na gridi yenyewe.

Nina nyumba ya wageni Marangu yenye jenereta mbili, moja ya kVA 30 na nyingine ya 60. Fundi wangu anasema ataziunga pamoja ili zibebe vyumba vyote, na kwa sasa ameunganisha moja kwa waya wenye plagi pande zote mbili, tunachomeka kwenye soketi ya jikoni. Inafanya kazi vizuri. Kuna ubaya? – Mama wa nyumba ya wageni, Marangu

Mama, nianze na kuziunga. Umeshasoma jibu la yule mwanafunzi hapo juu. Mambo ni yaleyale, hata kwa mashine ndogo. Bila paneli ya kuoanisha na ya kugawana mzigo, moja itavuta na nyingine itaburutwa, mpaka moja iungue. Gawa vyumba: ghorofa hii jenereta hii, ghorofa ile jenereta ile. Imetosha.

Sasa ule waya wa plagi mbili. Nakuomba uufungue leo, kabla hujamaliza kusoma gazeti hili. Umeme wa jenereta lako unatoka soketini, unapita kwenye mita yako kinyumenyume, unafika kwenye transfoma ya mtaa. Transfoma haijui umeme unatoka upande gani. Inayoshusha volti 11,000 au 33,000 kuwa 400, ikipewa 400 upande wa chini inatoa hizo 11,000 au 33,000 upande wa juu. Na juu ya nguzo, saa hiyohiyo, kuna kijana wa mtu amepanda akiwa ameambiwa laini imekufa. Nimewahi kubeba machela ya kijana kama huyo. Alikuwa na miaka 26, na jenereta lililompiga lilikuwa la duka la rejareja.

Halafu gridi ikirudi wakati jenereta lako limechomekwa, inaingia bila kuoanishwa na chochote. Utakuwa umefanya nyumbani kwako kile kilichompata mwenzangu kwenye sinkroskopu, tena bila breka ya maana katikati.

Dawa yake ni swichi ya chenjiova, ile yenye mkono wa kugeuza wenye nafasi tatu: juu umeme wa TANESCO, katikati sifuri, chini jenereta. Kwa namna ilivyotengenezwa, haiwezi kugusa juu na chini kwa wakati mmoja. Nunua inayobeba ampia za jenereta lako kubwa na za umeme wa TANESCO pia, ifungwe baada ya mita na kabla ya kisanduku cha fyuzi, na fundi mwenye leseni ndiye aifunge. Waya ule ukiufungua, ukate vipande viwili, usije ukachomekwa tena na mfanyakazi mgeni usiku wewe ukiwa umelala.